MBA, DO, MT: Mwongozo Kamili wa Kufungua Kifupisho Chenye Maana Nyingi

Nina kibanda cha kupiga chapa na kujazia watu fomu, si mbali na Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Mwezi uliopita, ndani ya siku mbili, watu watatu waliniuliza swali moja kwa maneno yale yale: "DO ni nini?"

Wa kwanza alikuwa kijana aliyeagiza gari kutoka Japani, anasubiri litoke bandarini. Wa pili alikuwa mama mtu mzima wa Likoni, ameambiwa na jirani yake mzee aende "kwa DO" akapate barua. Wa tatu alikuwa mwanafunzi aliyebeba jedwali la vipimo vya maji ya bahari. Lau ningewapa wote jibu moja, ningewapoteza wawili.

Wote watatu walikuwa wameshatafuta kwenye simu. Simu ikawapa maana kumi na kitu, wakachagua iliyo juu. Hapo ndipo wengi wanapoangukia, na ndiyo sababu ya kuandika hatua hizi kwa mpangilio. Zifuate kwa zamu. Simu ina hatua yake, na si ya kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi yenyewe, nzima, pande zote mbili. Picha ya mstari mmoja uliokatwa haitoshi. Kama ni ujumbe wa simu, uwe na uliotangulia na uliofuata.
- Penseli. Kalamu ya wino itakuponza, kwa sababu utafuta.
- Daftari, ukurasa mmoja uliogawanywa safu tatu: kifupisho, fani, maana.
- Jina la ofisi au mtu aliyeandika. Usipokuwa nalo, muulize aliyekupa karatasi kabla hajaondoka.
- Simu yenye bando. Iache mfukoni mpaka hatua ya 5.

Tenga dakika kumi kwa kifupisho kimoja. Ukizoea, mbili zitakutosha.

## Hatua ya 1: Nakili herufi kama zilivyo

Andika kwenye safu ya kwanza kila ulichokiona: herufi kubwa, herufi ndogo, nukta, mkwaju, nafasi, na tarakimu zilizobandikwa pembeni. Usisahihishe chochote, hata kama unaona aliyeandika amekosea.

Sababu ni kwamba nukta moja hubadilisha kila kitu. Katika vitabu vyetu, "k.m." ni kwa mfano, na "km" ni kilomita. "uk. 12" ni ukurasa wa 12, "UK" ni Uingereza. "kk. 12–15" ni kurasa, "300 KK" ni miaka kabla ya Kristo, na "KK" kwenye gazeti la siasa za Kenya ni Kenya Kwanza. Fundi wa umeme naye ana yake: "mV" ni sehemu moja ya elfu ya volti, "MV" ni volti milioni moja. Hiyo ni tofauti ya mara bilioni, iliyobebwa na ukubwa wa herufi moja. Na hiyo hiyo MV, ikitangulia jina la chombo pale Kilindini, haina volti hata moja: ni meli ya injini.

Angalia pia "CD" na "Cd". Ya kwanza yaweza kuwa sahani ya muziki, au alama ya gari la ubalozi, kutoka Kifaransa corps diplomatique. Ya pili, yenye d ndogo, ni kadmiamu, metali yenye sumu. Mtu wa maabara akikuandikia kwamba maji yana Cd, usicheke.

Onyo: Simu nyingi hubadilisha herufi zenyewe, na fomu nyingi huandikwa kwa herufi kubwa tupu. Zote mbili hufuta dalili. Ukiona karatasi ya herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, weka nyota pembeni. Hatua ya 4 ndiyo itakayokuokoa.

Umefaulu ikiwa mtu ambaye hajaiona karatasi anaweza kuandika upya mstari ule kutoka kwenye daftari lako.

## Hatua ya 2: Amua kama ni kifupisho au ni msimbo

Kifupisho kina maneno nyuma yake, nawe kazi yako ni kuyarudisha. Msimbo ni jina la kupangiwa. Pengine umetokana na neno, lakini hauna maneno ya kurudisha. Watu hupoteza asubuhi nzima wakitafuta "kirefu" cha msimbo.

Mfano wa nyumbani ni MBA. Kwenye kitambulisho cha mzigo wako wa ndege, MBA ni msimbo wa uwanja wa Moi hapa Mombasa. Hakuna maneno matatu yaliyofichwa mle. Ni jina la mji limekatwa likabaki herufi tatu. Katika karatasi za meli msimbo wa bandari ni KEMBA: KE ya Kenya, kisha MBA ile ile. Kwenye ukuta wa ofisi, MBA ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, na hapo maneno yapo. Kule Plymouth, Uingereza, MBA ni chama cha wanasayansi wa viumbe vya baharini kilichoanzishwa 1884. Na sisi wenyewe, kwa herufi ndogo, mba ni yale magamba ya kichwani yanayomwaga unga mabegani. Namjua mzee aliyeambiwa kwamba mjukuu wake "amerudi na MBA", akauliza kama ameshajaribu ndimu.

Namba ya kontena ni msimbo mwingine unaosumbua watu. Ina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena. Ya nne hueleza aina ya kifaa, na mara nyingi ni U. Tarakimu sita zinazofuata ni za mfululizo, na ile ya saba, ambayo kwenye mlango huzungushiwa kisanduku, ni ya kuhakiki: hukokotolewa kutokana na hizo kumi zilizotangulia, ili aliyekosea kunakili akamatwe na hesabu. Chini yake utaona 22G1 au 45G1. Hiyo si gredi ya kwanza, kama nilivyowahi kuambiwa kwa uhakika mkubwa. 22G1 ni kontena ya kawaida ya futi 20. 45G1 ni ya futi 40 iliyoinuliwa kimo.

Utautambuaje msimbo? Hukaa peke yake ndani ya kisanduku, una idadi ile ile ya herufi kila mara, na hauingii kwenye sentensi kwa hiari.

Umefaulu ikiwa umeandika "kifupisho" au "msimbo" mbele ya kila kimoja. Ukishindwa, weka alama ya kuuliza uendelee.

## Hatua ya 3: Nani kaandika, kamwandikia nani, ili afanye nini

Ukiwa na haraka, ruka nyingine usiiruke hii. Maswali haya matatu huyajibu kwa kutazama karatasi, bila kujua herufi zina maana gani. Turudi kwa wale watatu.

Karatasi ya kijana iliandikwa na wakala wa meli, ikaandikiwa mtu wa kliaringi, yule anayekutolea mzigo bandarini, na lengo lake ni gari litoke. Katika fani hiyo DO ni Delivery Order, nao watu wa bandarini hutamka "dilivari oda". Ni hati ambayo kampuni ya meli au wakala wake huitoa baada ya kukabidhiwa hati ya shehena na kulipwa gharama zake, ikisema mzigo huu apewe fulani. Bila hiyo, hata kama ushuru wote umelipwa, gari litakaa.

Ya yule mama haikuwa hata karatasi, ilikuwa kauli. Aliyesema ni mzee, aliyeambiwa ni mwananchi mwenye shida, na lengo ni barua ya serikali. DO hapo ni District Officer, afisa wa tarafa aliyekuwa chini ya DC, mkuu wa wilaya, katika utawala wa mikoa. Mfumo ule ulipangwa upya baada ya Katiba ya 2010, na anayekalia kiti hicho leo huitwa Assistant County Commissioner, kwa kifupi ACC. Ofisi ilibadilisha kibao; ulimi wa mtaa haukubadilika. Mama angezunguka siku nzima akitafuta mlango ulioandikwa DO, na huyo anayemtafuta yuko ndani ya mlango ulioandikwa kitu kingine. Kwa hiyo unapojibu "nani kaandika", jibu pia ana umri gani, au karatasi ni ya mwaka gani.

Jedwali la mwanafunzi liliandikwa na watafiti, kwa watafiti wenzao, ili walinganishe maji ya sehemu moja na nyingine. Mombasa ndiko yaliko makao makuu ya KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, kwa hivyo majedwali ya namna hii si haba mjini. DO humo ni oksijeni iliyoyeyuka majini, ile wanayovuta samaki. Maji yakipata joto, oksijeni yanayoibeba hupungua, na ndiyo maana safu ya DO hukaa karibu na safu ya halijoto.

Onyo la kwanza: Karatasi moja yaweza kuwa na fani mbili. Bili ya hospitali huandikwa na daktari juu na mhasibu chini. ICD kwenye sehemu ya ugonjwa ni msimbo wa orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotunzwa na Shirika la Afya Duniani. Mtu wa lori akiona ICD huona bohari ya kontena ya bara, kama ile ya Embakasi. Na mgonjwa wa moyo aweza kuwa na ICD ndani ya kifua: kifaa cha umeme kinachorekebisha mapigo.

Onyo la pili: Gazeti ni gumu kuliko barua, kwa kuwa kila ukurasa una fani yake. Kwenye habari za usafiri, SGR ni reli ya kisasa inayoanzia hapa Miritini, yenye upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Kwenye habari za kilimo, SGR ni Strategic Grain Reserve, akiba ya nafaka ya taifa. Nimeshasikia baraza zima likibishana kwa nini treni inanunuliwa mahindi.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema sentensi kama hii kabla ya kujua maana yenyewe: "Wakala wa meli anamwambia mtu wa kliaringi jambo la kutoa mzigo." Andika fani hiyo kwenye safu ya pili.

## Hatua ya 4: Watazame majirani wa kifupisho

Kifupisho hakikai peke yake. Tazama kilichotangulia na kilichofuata.

MT ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, maana hapa mjini utaikuta na sura tano kabla ya adhuhuri:

- "850 MT": namba imetangulia, basi ni kipimo. Ni tani za metriki, kila moja kilo 1,000.
- "MT" kisha jina la chombo: ni meli ya mafuta. Ile ya mizigo mikavu huandikwa MV.
- "MT" karibu na neno kontena, au karibu na neno rudisha: ni kontena tupu. Ukizitamka herufi hizo mbili haraka kwa Kiingereza, utasikia neno lao la "tupu". Ni utani wa makarani uliogeuka kuwa lugha ya kazi.
- "MT103": namba imegandana nayo. Ni aina ya ujumbe wa benki kwa benki kupitia SWIFT, mtandao wa mabenki duniani, uliotumika kuonyesha kuwa malipo ya kimataifa yametumwa hadi ulipobadilishwa Novemba 2025. Aliyekuuzia gari kutoka ng'ambo aliuomba mara nyingi, na jina lingali kwenye karatasi.
- "Mt." yenye nukta, kisha jina la mtu: uko mbele ya kanisa. Ni Mtakatifu. Ikifuatwa na jina la mlima, umehamia kwenye ramani ya Kiingereza.

Fani moja, bandari, imetoa tatu kati ya hizo tano. Ndiyo maana kuijua fani peke yake hakutoshi, na majirani lazima watazamwe.

Sasa, sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili tuna silaha ambayo Waingereza hawana: ngeli. Mtu anapochanganya kifupisho ndani ya sentensi ya Kiswahili, kitenzi humsaliti. "DO amesafiri" ni mtu, hapana ubishi. "DO imetoka" ni hati. "DO imeshuka hadi 3" ni kipimo. "PC amekuja kuuliza" ni askari wa cheo cha konstebo. "PC imezima" ni kompyuta. Hata msemaji asiyejua kirefu cha kifupisho hukipa ngeli ya kitu anachokifikiria, kwa hivyo mfuate yeye.

Namba nazo husema. "BP 130/80" ina mkwaju na namba mbili: ni presha ya damu. "6,000 BP" kwenye ripoti ya wachimbaji wa mambo ya kale ni miaka 6,000 iliyopita, na wao huhesabu kurudi nyuma kuanzia 1950, si kuanzia leo. Kinachoandikwa mg/L kimepimwa ndani ya maji au damu. Kinachoandikwa kwa dola kimeandikwa na mtu wa benki au wa mauzo.

Umefaulu ikiwa umepigia mstari neno au namba moja jirani, na unaweza kueleza kwa nini inakusaidia. Ukikosa jirani wa kukusaidia, rudi hatua ya 3. Labda hujasoma karatasi yote.

## Hatua ya 5: Fungua simu, utafute kwa jozi

Usitafute herufi peke yake. Tafuta herufi pamoja na fani uliyoiandika: "TT benki malipo", "TT kliniki wajawazito". Matokeo yatapungua yenyewe.

Andika maana mbili au tatu zinazowezekana. Kisha rudi kwenye sentensi, utoe kifupisho, uweke kila maana mahali pake, usome kwa sauti. Kwa sauti, si kwa macho. Macho huruka upuuzi, sikio huukataa.

"Tuma TT kabla ya Ijumaa ndipo tupakie gari." Jaribu chanjo ya pepopunda: "Tuma chanjo ya pepopunda kabla ya Ijumaa." Haikai. Jaribu malipo ya benki ya kimataifa, ambayo wafanyabiashara wa magari huyaita TT tangu zama za telegrafu: inakaa. Sasa geuza: "Mama amepata TT ya pili." Hapo chanjo inakaa, na malipo yanakaa pia! Hii ndiyo hali ya hatari, maana mbili kukaa sawasawa. Usichague kwa bahati. Chukua karatasi uangalie kama ina kichwa cha kliniki au cha benki.

CFS nayo ijaribu vivyo hivyo. Mtu wa kliaringi akikwambia mzigo umepelekwa CFS, ni yadi ya kushughulikia kontena nje ya bandari. Kwenye makala ya afya, CFS ni uchovu sugu. Wateja wangu wengine husema ni kitu kimoja.

Umefaulu ikiwa maana moja tu imebaki bila kukwaruza sikio, nyingine zimefutwa.

## Hatua ya 6: Thibitisha kwa mtu wa fani hiyo

Ukishafika hapa, karibu kila mara una jibu sahihi. "Karibu" inatosha kwa gazeti. Kwa dawa, pesa na bandari, haitoshi.

Usimuulize karani "DO ni nini?" Atakutazama. Muulize kwa kuonyesha mstari: "Bwana, hapa mstari wa nne, DO hii naichukua kwenu au kwa wakala wa meli?" Swali la kitendo hupata jibu la kitendo, na jibu hilo hukuthibitishia maana bila wewe kuiomba.

Kwa dawa nitakuwa mkali kidogo. Vifupisho vya daktari vimetoka Kilatini: OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, PRN ni unapohitaji tu. Watu wengi wanavijua hivyo, na hapo ndipo mtego ulipo. OD hiyo hiyo, kwenye karatasi ya macho, ni jicho la kulia, kutoka oculus dexter. OS ni la kushoto. Sasa mtu atoke kliniki ya macho na chupa ya matone iliyoandikwa OD: ni tone mara moja kwa siku katika macho yote mawili, au ni jicho la kulia tu, mara ngapi haijulikani? ISMP, shirika la Marekani la usalama wa matumizi ya dawa, limeiweka OD kwenye orodha ya vifupisho vinavyofaa kuepukwa, kwa sababu hii hii ya kuchanganywa. Kama wataalamu wenyewe huiogopa, mimi na wewe hatuna ubingwa wa kuikisia nyumbani.

Kwa hiyo dirishani, kabla ya kuondoka, uliza mambo matatu: kiasi gani, wapi, mara ngapi kwa siku. Mwambie mhudumu aandike kwa Kiswahili kwenye boksi. Ukiona haya, mtume mtoto wako mkubwa. Watoto hawana haya.

Umefaulu ikiwa unajua cha kufanya, na aliyekuthibitishia ni mtu ambaye kazi yake ni hiyo.

## Kituo cha dharura: PIN

Kifupisho hiki nimekitoa nje ya hatua kwa makusudi. PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ina alama 11, na kwa mtu binafsi huanza na herufi A, ikafuatwa na tarakimu tisa, kisha herufi nyingine. Hiyo huandikwa kwenye fomu, kwenye ankara na kwenye mikataba, si siri. PIN ya M-Pesa ni tarakimu nne, na haiandikwi popote, haisemwi kwa yeyote.

Matapeli wanajua zote mbili zinaitwa PIN. Hupiga simu wakaanza na mambo ya ushuru, ukishalainika wanakuomba "ile PIN yako". Akiomba PIN kwa simu, kata. Ukishakata, ndipo uulize alitaka ipi.

## Hatua ya 7: Jaza safu ya tatu

Andika maana na tarehe. Usifute ile ya zamani ukipata mpya. DO ipate mistari mitatu, MT mitano. Na wewe ukiandikia watu, taja neno kamili mara ya kwanza, kifupisho baadaye. Ni hilo tu.

## Zoezi: ujumbe mmoja, vifupisho sita na msimbo mmoja

Mama mmoja muuza vyombo aliniletea ujumbe huu kutoka kwa mtu wake wa kliaringi:

"Meli ETA MBA 14/3 0600 LT. Leta OBL nikufuatie DO. Kontena itaenda CFS. MT irudi kabla siku za bure hazijaisha."

Aliyeandika ni mtu wa kliaringi, aliyeandikiwa ni mwenye mzigo, lengo ni mzigo utoke. Fani ni moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, basi kazi imekuwa nyepesi.

ETA ni wakati meli inapotarajiwa kufika. Ni matarajio, kwa hivyo usikodi lori kwa tarehe hiyo. Ingekuwa "eTA" yenye e ndogo, ingekuwa kibali cha kielektroniki cha kuingia Kenya, kilichoanza kutumika Januari 2024 kwa wageni. MBA ni msimbo wa hapa kwetu. OBL ni hati halisi ya shehena, ile ya asili. Nakala ya simu haitakubaliwa. DO ni dilivari oda: kitenzi ni "nikufuatie", na lengo ni mzigo, basi si afisa. CFS ni yadi. MT imekaa na "irudi", na kontena ipo sentensi moja nyuma: ni kontena tupu, na ngeli inapatana.

LT ni saa za mahali meli inapofikia, yaani saa za Kenya, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Lakini 0600 ilimponza. Aliisoma saa sita, akapanga kushuka mjini adhuhuri. Saa za meli huanza kuhesabiwa usiku wa manane, zetu huanza jua linapochomoza. 0600 ni saa kumi na mbili alfajiri.

Tulipomaliza, kila herufi ilikuwa na maana yake kwenye safu ya tatu, na kitu kimoja tu kilikosekana, nacho hakikuwa kifupisho. Tukamwandikia yule bwana: "Kontena tupu irudishwe depo gani, na siku ya mwisho ni tarehe ngapi?"